Ombi la Kuondolewa Ukutani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Ukumbi,

Pokea heshima zangu. Sasa hivi tu mwanangu Bonge, wa mwaka mmoja na miezi minane, amechuchumaa akaokota kijiko, akainuka wima bila kushika kitu wala kuguna. Halafu akanitazama. Mheshimiwa, yule mtoto ni wa kundi la pili. Mimi mama yake niko la kwanza. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unajua mwenyewe kwamba mwalimu wenu wa mazoezi ya nguvu ametugawa akina mama makundi matatu. La kwanza husukuma ukuta na kuinuka kwenye kiti. La pili huinua chupa zilizojazwa mchanga. La tatu hushika vyuma. Mimi tangu nijifungue mgongo umekuwa ukinikata, na kule tunakofua mashuka ya hoteli nilisimamishwa, maana kikapu cha mashuka mabichi kilinishinda nikakiangusha. Msimamizi kaniwekea nafasi yangu hadi Ijumaa ijayo. Nikikiweza kikapu, narudi kazini. Nikishindwa, anachukua mtu mwingine. Na mimi hadi leo nasukuma ukuta! Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukuta wenyewe. Nimeusukuma wiki tano na haujasogea hata inchi. Kila nikirudi mume wangu ananiuliza, "Vipi, mmeshaupanua ukumbi?" Naomba kamati ilete fundi aupime. Akikuta umesogea hata kidogo, nipewe cheti.

2. Bibi wa kundi la pili. Ni mshonaji mstaafu, ana wajukuu saba. Siku ya majaribio aliinuka kwenye kiti mara kumi na tano, mikono kifuani, akapelekwa kwenye chupa. Mimi niliinuka mara nne, ya tano nikashika meza. Nikasema mimi bado kijana, mwalimu akanijibu kwamba kiti hakiulizi umri. Tangu hapo yule bibi akipita na chupa zake hunikonyeza, "Kazana mjukuu wangu, huku tumekuwekea nafasi." Mbele za watu!

3. Kuhesabu kwa sauti. Mwalimu hataki mtu abane pumzi. Ukiinua kitu sharti uhesabu kwa sauti, na sauti ikikatika basi mzigo umekuzidi, uweke chini. Mheshimiwa, mimi nimepandisha ndoo za maji hadi ghorofa ya tatu tangu niko msichana, mdomo nimeufumba, na hakuna aliyenidai hesabu. Shule niliishia la saba, na hesabu ndizo zilizonitoa. Nilidhani nimekuja kutengeneza mgongo, kumbe narudia mtihani.

4. Kukataliwa kwa mwanangu. Nilipoona chupa sipewi, nikaomba nimwinue Bonge. Ana kilo kumi na mbili, na namnyanyua mara arobaini kwa siku bila ruhusa ya mwalimu. Nikaambiwa mzigo wa kuanzia haupigi mateke wala hauvuti nywele. Basi naomba kamati imwandike kilo zake mgongoni kwa rangi isiyofutika, kama vyuma vingine, na atambuliwe kuwa kifaa halali cha ukumbi. Kazi ya kumtuliza apewe katibu.

5. Siku ya kupumzika. Eti ukifanya leo, kesho upumzike, kwa kuwa misuli hupata nguvu mtu akipumzika. Nilicheka hadi mwalimu akaniuliza nina nini. Kama ni kweli, kamati itoe amri yenye mhuri kwa mume wangu, mama mkwe, Bonge, ngazi za jengo letu na ndoo zote mbili, kwamba Jumanne, Alhamisi na Jumamosi nisiguswe. Na mume wangu naye akalishwe kwenye kile kiti, ajulikane ni wa kundi gani. Maana nikimwomba anipokee ndoo, mgongo wake huwa mbovu kuliko wangu.

6. Neno "wanaoanza", lililoandikwa ubaoni juu ya vichwa vyetu. Mtu amebeba mimba miezi tisa, akazaa, wiki ya pili yuko kwenye beseni anafua, leo anaitwa anayeanza? Neno hilo lifutwe, au wapewe wanakamati ambao hawajawahi kubeba chochote zaidi ya faili.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu nirushwe kutoka kundi la kwanza hadi la tatu, bila kupitia chupa, kabla ya Ijumaa. Nikiumia, angalau nitaumia nikiwa na heshima yangu.

Nawasalimu wanakamati wote, mlinzi wa getini, mama anayefagia ukumbi, na mwalimu mwenyewe, ambaye kwa kweli ni mtu mpole.

Wako mtiifu, aliyeko ukutani,
Mama Bonge

Tanbihi: Barua hii nilikuwa sijaileta, na jana msimamizi akaniita nijaribiwe mapema. Alinipa nusu kikapu. Nikakunja magoti, nikakivutia kifuani, nikainuka. Nikausubiri mgongo ukate. Kimya. Nikakiweka mezani machozi yakanitoka, wenzangu wakadhani nimeumia. Nimerudishwa kazini, naanza Jumatatu, na mwezi wa kwanza nibebe nusu tu. Sikubisha hata neno moja. Niliona ni mpango wa busara sana.

Sasa wenzangu watatu wenye viuno vibovu wanataka kujua nimetibiwa wapi. Nimewaambia ukutani. Mmoja anajiona ana nguvu, anataka aanzie kwenye vyuma moja kwa moja. Nimemkemea vibaya. Kwa hiyo Mheshimiwa, niachwe pale pale hadi mwalimu mwenyewe aseme, na tuongezewe nafasi tatu za ukutani. Barua ningeiandika upya ila karatasi ndiyo hii hii. Huyo mwenye haraka naomba awekwe karibu yangu nimchunge, maana akipewa mwanya tu ata— abee mama, nakuja! Mama mkwe ananiita, anasema Bonge kapanda juu ya