Kisu Kimoja, Samaki Sitini

Jumatatu, 12 Mei 2025

Celestine, mtoto wa Gordon wangu, amekuja Kondele kutoka chuo kule Bondo. Ijumaa atasimama mbele ya walimu wake aeleze utafiti wake, sasa anajizoeza kwa Dani wake, yaani mimi nyanya yake. Mimi niliyeishia darasa la tatu! Nimekaa, nimesikiliza, sikusinzia.

Ati kuna viumbe wadogo hata jicho haliwaoni, wengine wanaishi kwenye maji yanayochemka. Ndani yao kuna kikataji. Kinaondoa kipande cha ziada mwanzoni mwa uzi fulani, ndipo uzi ufae kazi. Kimeundwa na RNA moja na protini tano. Nikauliza nani hasa anakata. RNA, akasema. Na hao watano? Wanasaidia.

Nilicheka mpaka leso ikaanguka. Si ndio sisi hao! Kamati ya samaki ya kanisa tuko wanawake sita. Mimi nakata, watano wanashikashika.

Jumapili askofu anakuja. Samaki wa kukata ni ngege sitini. Na Milka, mwenyekiti wetu, anazunguka akisema mkono wangu unatetemeka.

Nikauliza kama RNA inaweza kukata peke yake. Celestine akasema inaweza, kwenye chupa ya maabara, ukiitilia chumvi nyingi, lakini... Hiyo lakini sikuingoja.

Jumanne, 13 Mei

Nimemwambia Mzee Wasike wa kanisa kwamba samaki wote nitawakata peke yangu. Wale watano wapumzike. Mzee akakuna kichwa, akamwita Milka.

Milka hakubisha hata kidogo. Akasema sawa, lakini nikishindwa, kisu nimpe yeye, na kuanzia siku hiyo kila sherehe nitawekwa kwenye kiti cha plastiki pamoja na wageni, niletewe soda.

Kiti! Soda! Nimekata samaki wa kanisa hili miaka thelathini, leo niketishwe kama mama wa bwana harusi? Nimekubali. Ningefanyaje, watu walikuwa wanasikia.

Jumatano, 14 Mei

Nimenunua chumvi ya mawe, kilo kumi.

Celestine ameniona naibeba, akaanza mahubiri. Anasema vipande vya RNA vinasukumana vyenyewe kwa vyenyewe. Chumvi inavituliza, RNA ikunjike vizuri. Lakini hata hivyo inakata polepole sana. Protini zikija ndipo inashika kasi, hata bila chumvi nyingi hivyo. Nne zinakwenda mbili mbili: jozi moja inasaidia pale panapokatwa, jozi nyingine inasaidia kumtambua anayekatwa. Ya tano inashika pale RNA inapopinda.

Nikamwambia wanawake wakienda wawili wawili ni umbea. Tazama Milka na Nabwire wa kamati yetu.

Akasema, "Dani, hakuna anayeringa pale. RNA bila wenzake ni mzembe, na wenzake bila RNA hawakati kitu."

Chuo kinaharibu watoto. Nimemnyima chai ya pili.

Jumamosi, 17 Mei

Saa kumi na mbili asubuhi niko nyuma ya kanisa. Samaki wametoka ziwani Usenge, wabichi, macho yanang'aa. Nikawatumbukiza wote kwenye mabeseni, nikamwaga chumvi yote. Watulie.

Ngege hatulii. Nikishika kichwa, mkia unateleza. Nikishika mkia, mwiba wa mgongoni unanidunga, na chumvi inaingia hapo hapo. Mama yangu! Saa nne nilikuwa nimemaliza saba. Saba! Mzee Wasike alipita mara tatu akijifanya anatafuta ufagio.

Nikaketi kwenye ndoo. Nilikiona kile kiti cha plastiki waziwazi, kimepanguswa, kinaningoja. Nikalia kidogo. Ilikuwa chumvi.

Mara nikasikia viatu. Milka, na wanne nyuma yake, leso zimefungwa kiunoni. Nilingoja anicheke. Akaonja maji ya beseni kwa ncha ya kidole, uso ukamkunjamana, akayamwaga. Kisha akaniokotea kisu.

"Shika hiki, Mama Gordon. Samaki tutashika sisi."

Wawili wakapara magamba, wawili wakawa wananiwekea samaki tumbo juu, hatikisiki. Milka akanishikilia kiwiko pale mkono unapotetemeka. Kisu kikapita kama kwenye uji. Saa saba tumemaliza, tukawaloweka mara tatu kutoa chumvi. Nilipumua mpaka mbavu zikauma.

Jumapili, 18 Mei

Askofu amekula samaki wawili na kunywa maji jagi zima. Akasifu sana. Hakuna aliyeniletea kiti. Nimesimama siku nzima, miguu imevimba, roho nyeupe. Milka hakumwambia mtu yeyote neno. Nimemwekea kichwa cha samaki mkubwa kuliko wote, nikamwambia asizoee.

Jumatatu, 19 Mei

Celestine amepiga simu. Amepita! Walimu walimuuliza mbona RNA haikuachiwa kazi yote, akawajibu vizuri. Nimemshukuru Mungu kwa sauti, majirani wamesikia.

Mchana Mzee Wasike amekuja kutushukuru. Anasema sikukuu ya mavuno watachinja ng'ombe, kamati ijipange mapema kukata nyama.

Nimemwambia asiwasumbue akina Milka, nitamkata mimi peke yangu. Samaki walikuwa sitini. Ng'ombe ni mmoja.