Jinsi Nilivyompelekea Mama Mkwe Harusi

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema kabisa. Nimetangaza mezani kwamba video ya harusi ya shemeji yangu itamfikia mama mkwe kwa intaneti, kutoka kompyuta hii hii ya nyumbani. Maskini mama mkwe! Siku bintiye wa mwisho anaolewa, yeye alikuwa kitandani hospitalini. Hajaona hata pete ikivishwa. Video ninayo mimi peke yangu, maana mpigapicha nilikuwa mimi. Kamera ya kuazima nilishairudisha kwa mwenyewe, imefutwa vizuri. Jumapili ukoo mzima utakusanyika sebuleni kwa mama mkwe kuitazama.

Mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada mkubwa wa mke wangu, amepiga simu. Eti atapita aichukue kwenye flashi, aipeleke mwenyewe. Nimemwona! Mimi nisimame na kamera mpaka miguu ivimbe, halafu yeye ndiye apokewe mlangoni kwa vigelegele? Nikamjibu kwa adabu kwamba zama za kubeba vitu mfukoni zimepita. Mke wangu akasema kwa mama yake ni mtaa wa pili tu, hata kwa miguu mtu anafika. Nikajifanya kiziwi.

Jumanne, 5 Machi

Nimefungua kabati la mtandaoni. Yaani folda moja yenye milango miwili: mmoja kwangu, mwingine kwenye kompyuta ya mama mkwe. Nikiweka kitu huku, kinaonekana kule. Nimemweleza mke wangu tena na tena. Amepiga miayo.

Video ni nzito, inapanda polepole. Nimepiga marufuku intaneti kwa watu wote wa nyumba hii. Binti yangu amelalamika kuhusu kazi za shule. Nikamkumbusha kwamba sisi tulisoma kwa vitabu, na tumekuwa hivi tulivyo. Akaniangalia kwa muda mrefu mno.

Alasiri, kimebaki kipande kidogo tu, mke wangu akachomeka pasi. Swichi kuu ikaruka. Kompyuta kimya! Kila kitu kuanza upya. Nimeuliza kwa upole kama ametumwa na mwanyumba. Chakula cha jioni nimejipakulia mwenyewe.

Jumatano, 6 Machi

Video inapanda kwa mwendo wa konokono. Nikafanya uchunguzi. Nikamnasa! Fundi cherehani wa ghorofa ya chini anatazama mpira kwa intaneti yangu. Nikamshukia kama mwewe. Akasema paswedi nilimpa mwenyewe, siku ile nilipokuwa najigamba kuhusu kasi ya intaneti yangu. Ni kweli, lakini hakukuwa na haja ya kusema mbele ya wateja.

Nikabadilisha paswedi papo hapo. Nikaweka ngumu, ambayo hakuna mwizi angeibahatisha. Hata mimi sikuibahatisha. Mke wangu akabonyeza kitufe nyuma ya kile kisanduku cha intaneti, paswedi ya zamani ikarudi. Nilikuwa karibu kukibonyeza mimi.

Alhamisi, 7 Machi

IMEFIKA! Mama mkwe amepiga simu mwenyewe. Ameiona video kwenye kompyuta yake, lakini haigusi hadi Jumapili, anataka kuitazama na wanawe wote. Akaniita mwanangu. Si mkwe: mwanangu! Mwanyumba alikuwa hapo hapo kwake, akimrekebishia mguu wa meza. Natumai alisikia. Kichwa kimenivimba, sikatai.

Ijumaa, 8 Machi

Kompyuta inalalamika kwamba imejaa. Mtaalamu haachi vitu vimezagaa. Video si imeshafika kwa mama mkwe? Ya nini tena kukaa nayo? Nikaifuta upande wangu, kabatini na nje ya kabati, nikamwaga na pipa la taka. Kompyuta ikawa nyepesi. Roho yangu kwatu.

Jumapili, 10 Machi

Nitaandika kwa kifupi.

Mama mkwe alivaa gauni aliloshonewa kwa ajili ya harusi, lile ambalo hakuwahi kulivaa. Sebule ilijaa. Nilikaa mbele ya kompyuta yake, nikafungua kabati. Tupu. Nikalifunga, nikalifungua tena kwa nguvu zaidi. Tupu! Kumbe kinachofutwa huku, na kule kinafutika. Hakuna aliyenieleza! Jasho likanitoka hadi kwenye soksi.

Mama mkwe hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Alilainisha tu gauni lake magotini, akasema si kitu, mwanangu, labda haikuandikwa niione. Nilitamani ardhi ipasuke. Naona aibu hata kuandika.

Ndipo mwanyumba akatia mkono mfukoni, akatoa flashi. Alikuwa ameinakili Alhamisi, baada ya kumaliza meza. Akasema alifanya hivyo kwa kuwa ananijua. Watu wakacheka, wengine zaidi kuliko inavyostahili.

Wakaitazama. Kwenye video bi harusi alipotokea mlangoni, mama mkwe akamshika mkono huyo binti yake aliyeketi kando yake, akalia. Sebule nzima ikalia. Mimi pia. Nikasema ni vumbi. Vigelegele vyote akavichukua mwanyumba.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeamka mtu mpya. Nimelala nikifikiri, na kosa nimeliona: nilifuta upande usiofaa. Basi, ni hilo tu.

Na sasa harusi nzima imo ndani ya kitu kisichozidi kidole, katika mfuko wa mtu anayepoteza funguo kila wiki. Sikubali! Nikaenda kumwomba mwanyumba ile flashi, kwa unyenyekevu mkubwa. Akanipa shingo upande, akisisitiza kwamba hiyo ndiyo nakala pekee. Nikamwambia imefika kwa mtaalamu mwenyewe.

Video imepanda kabatini bila tatizo lolote. Flashi nimeifuta, maana si adabu kumrudishia mtu chombo chake kikiwa kimejaa vitu. Kisha nikampigia mama mkwe. Nikamweleza kwamba kompyuta yake ni ya zamani, isije ikaelemewa, hivyo aifute video upande wake. Kwangu itakuwa salama. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia mwana hawezi kumdanganya mama yake.

Msikivu sana yule mama! Amefuta tukiwa bado kwenye simu, na pipa la taka akalimwaga bila hata kuambiwa.

Sasa nimevuta kiti, nimeketi. Nafungua kabati niitazame harusi kwa raha zangu.