Mashimo ya Marehemu Rosi

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Namshukuru Mungu nimeamka mzima. Habari kubwa! Jana baada ya ibada Mchungaji alitangaza kwamba wiki ijayo anakuja mgeni kutoka Dodoma, Bwana Raymond, mtu wa chama cha gofu. Anakuja kukagua ule uwanda nyuma ya stesheni yetu ya Itigi. Wazee husema wazungu wa reli walikuwa wakicheza gofu pale kabla ya Uhuru. Raymond anataka kuufufua uwanja. Na atachagua mkazi mmoja awe msimamizi.

Msimamizi!

Miaka ishirini na saba nilikuwa mnyapara wa genge la reli. Nilichimba mitaro ya maji kutoka hapa hadi karibu na Manyoni. Nikipita, watu walisema, "Mnyapara huyo." Tangu nistaafu wanasema, "Mzee, sogeza baiskeli." Nakitaka cheo hiki. Nimemwambia Mungu wazi, bila kuzunguka.

Tatizo ni Mazengo, muuza asali, mtani wangu. Naye anakitaka. Anasema mbuzi wake wanaujua ule uwanda kuliko binadamu yeyote, na yeye ndiye anayewajua mbuzi.

Jumanne, 12 Agosti

Muujiza! Nimekumbuka kitabu. Mgeni mmoja alikiacha zamani kwenye nyumba ya wageni ya reli, kikaangukia mikononi mwangu. Jalada halina. Raheli, mke wangu, alikuwa akikitumia kufunikia chungu cha mlenda. Nimekifuta. Ni cha gofu!

Nimesoma kutwa nzima kwa msaada wa kamusi ya binti yetu Belinda. Kumbe kwenye gofu kuna mashimo ya mchanga, yanachimbwa makusudi ili mpira utumbukie na mchezaji aaibike. Unatengeneza uwanja mzuri, halafu unautia mitego. Wazungu!

Na kumbe wachoraji wa viwanja wa zamani wanatambulikana kwa mashimo yao, kama mafundi cherehani kwa mishono. Nimenakili:

Reina: kingo zimenyooka kama za sanduku, chini tambarare.
Makenzi: kingo zimechanikachanika kama mawingu ya masika.
Rosi: mtulivu. Ukingo wa majani, mchanga chini, hana makuu.

Nimempenda Rosi. Angekuwa mzee wa kanisa mzuri.

Raheli ameuliza chungu afunike na nini. Nikamwambia asinirudishe nyuma.

Jumatano, 13 Agosti

Nimekwenda uwandani na kitabu kwapani.

Lipo shimo la Reina! Upande wa mashariki. Mraba kabisa, kingo wima, chini tambarare. Hatua kumi na mbili kwa kumi na mbili. Na hatua themanini mbele, kwenye mchanga mlaini, lipo la Makenzi! Limekaa bonde-bonde, kingo zimemeguka kila upande, pana kama mawingu matatu yaliyogongana. Nilivua kofia.

Miaka yote hii tulikuwa tunapita hapa kwenda kutafuta kuni.

Jioni nilikosea. Nilimwambia Mazengo. Alicheka mpaka akakalia ndoo ya asali. Alisema lile la mraba marehemu baba yake ndiye aliyelichimba, akitafuta udongo wa tofali. Alisema labda kwa jina la ubatizo baba yake aliitwa Reina, ila nyumbani walimficha.

Wivu. Nimemwombea.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimezungushia miiba shimo la Makenzi ili lisiharibiwe. Saa nne miiba imesukumwa pembeni na punda watatu wa Yustina, yule mjane anayechotea watu maji. Wamo ndani! Migongo chini, miguu juu, wanagaragara kwenye kazi ya Makenzi! Niliwafukuza kwa fimbo na Zaburi. Mmoja alinitazama kama mtu aliyekutwa chumbani kwake.

Yustina alikuja na madumu yake. Alinipa shikamoo vizuri, kisha akasema punda wakishushwa mizigo lazima wajikune, na hapo ndipo wanapojikunia tangu mama yao na bibi yao. Nilimweleza habari za Makenzi kwa upole. Alisema kama Makenzi ana malalamiko aje mwenyewe.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimewaza sana. Mashimo mawili hayatoshi. Reina yupo, Makenzi yupo. Rosi yuko wapi? Haiwezekani mtu mtulivu vile asipite Itigi. Bila shaka alipita, na shimo lake limefukiwa na upepo. Kulifukua si uongo. Ni kusaidia historia.

Ila sijui lilikuwa wapi hasa. Kwa hiyo nimechagua mahali ambapo mimi, kama ningekuwa Rosi, ningelichimba.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimechimba tangu kulipokucha mpaka adhuhuri. Mgongo! Lakini nimeona raha ambayo sijaiona tangu nistaafu. Jembe liliingia kwenye udongo na mikono ikakumbuka kila kitu. Upande wa juu nilikata mteremko polepole ili maji ya mvua yasishuke kwa hasira. Upande wa chini nikatoboa kimtaro, nikakijaza kokoto, nikafunika na mchanga. Maji hayatatuama humu hata mvua ya siku tatu. Ukingo nikaupiga kwa mgongo wa jembe, nikapandikiza majani niliyoyatoa kando ya bomba la stesheni.

Mazengo alipita na mbuzi. Aliuliza kama nachimba kaburi la cheo changu. Nikasema nafukua. Akasema, "Fukua, mtani, fukua. Ukimkuta Rosi, mwambie namdai salamu."

Nimerudi nyumbani mchafu kama kiazi. Raheli alikwenda kulitazama. Alisema ni shimo zuri sana, na kwa nini nisiseme tu kwamba ni langu. Wanawake hawaelewi mambo ya kitaalamu.

Jumapili, 17 Agosti

Ibada. Mahubiri yalikuwa juu ya ukweli. Nilimtazama Mazengo muda wote ili yamwingie.

Baada ya ibada nilimweleza Mchungaji juu ya hazina tatu za uwandani. Alifurahi mno. Alisema kesho atatembea nasi na kufungua ukaguzi kwa sala. Aliniuliza kama nina hakika na hili la Rosi. Nikasema nina hakika kabisa kwamba lipo.

Hilo si uongo. Lipo.

Jumatatu, 18 Agosti

Ee Mungu wangu.

Raymond amefika. Kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, alitupa shikamoo wote. Mchungaji akasali. Mimi nikatangulia na kitabu.

Shimo la kwanza nilieleza vizuri: kingo wima, chini tambarare, Reina huyo. Raymond alinisifu kwa kusoma. Alisema hayo ya Reina ni kweli kabisa. Kisha akainama, akaokota kipande cha tofali la kuchoma, akakitazama. Mazengo akasema hapo ndipo lilipokuwa tanuru, na nyumba iliyojengwa kwa udongo huu ni ile pale yenye bati jekundu, mama yake angali anaishi humo, karibuni uji. Nikasema twende mbele.

Shimo la pili. Punda! Wote watatu, miguu juu, vumbi kama treni ya mizigo inapita. Mbele ya macho yetu mmoja alipiga teke ukingo, ukameguka kama wingu. Yustina alituamkia na kusema tuwape dakika, wanamalizia mgongo. Raymond alicheka mpaka akashika magoti. Alisema hajawahi kumwona Makenzi akiwa kazini. Mchungaji aliangalia mbali.

Nikabakiwa na la Rosi.

Pale Raymond hakucheka. Akavua viatu, akaingia ndani, akapiga magoti. Akapapasa mteremko kwa kiganja. Akafukua mchanga kidogo, akaziona kokoto. Akasema huyu aliyechimba hapa anayajua maji. Akauliza ni nani.

Nikasema ni Rosi, mwaka 1934. Sijui 1934 ilitoka wapi.

Akanitazama kwa huruma. Akasema, "Mzee wangu, majani haya hayajanyauka bado." Akasema hawatafuti marehemu. Uwanja wa zamani umekwisha, hilo ameshaliona, lakini mpya utajengwa, na mashimo kama haya ndiyo kazi yenyewe. Aliyechimba hili, ndiye msimamizi. Leo hii. Ni nani?

Mchungaji alikuwa pembeni yangu, mkono begani mwangu. Yule niliyemwambia nina hakika. Ulimi ulikuwa mzito kama taruma la reli.

Mazengo, kwa utani wake tu, akainua mkono na kusema, "Mimi."

Sisi watani husemeana hivyo hata msibani, na kila mtu hapa anajua kucheka. Lakini Raymond ni mgeni! Alimshika mkono, akampongeza. Akamwandikia karatasi papo hapo: Msimamizi, nafasi ya jina ajaze mwenyewe. Mazengo alicheka peke yake, kisha akaacha kucheka. Alinitazama. Nami siwezi kumkasirikia mtani. Ndiyo desturi. Nilimpongeza.

Jumanne, 19 Agosti

Mazengo alikuja asubuhi na karatasi yake na chupa ya asali. Alisema mzaha umezidi. Jana jioni Raymond alimwomba achore mashimo mengine tisa, na yeye hata choo chake alichimbiwa. Akanisihi twende wote nyumba ya wageni anakolala Raymond tukaseme ukweli. Yeye atasema alikuwa anatania, mimi nitasema nilichimba, tutacheka, basi.

Nikamuuliza nitamwambia nini Mchungaji. Akasema nimwambie nilidanganya.

Mimi! Mzee wa kanisa!

Nilimjibu kwamba kama Mungu amempa cheo, akitumikie. Akaondoka akitikisa kichwa. Asali aliiacha. Ni nzuri.

Raheli hakula. Alisema, "Baba Belinda, ni maneno mawili tu: nilichimba mimi. Hata mtoto anaweza." Nimemwambia jambo hili si jepesi kama anavyoliona.

Jumatano, 20 Agosti

Siku ya baraka!

Kumbe Mazengo alikwenda peke yake na kusema yote. Asubuhi Raymond alinitumia ujumbe nimfuate stesheni kabla treni yake haijafika. Nilivaa suti. Raheli alininyooshea kola na kunisindikiza mpaka njiani, akinirudishia yale maneno mawili kama mtoto wa Sunday school anayefundishwa shairi la Krismasi.

Raymond alikuwa amekaa juu ya begi lake. Alinipa shikamoo, akanikalisha. Alisema hana neno na Rosi wala na mtu yeyote. Karatasi ya cheo anayo mfukoni, Mazengo amemrudishia, jina halijaandikwa. Anataka kunisikia mimi tu. Akatoa karatasi na kalamu. Akauliza, "Mzee Enock, nani alichimba lile shimo?"

Nilifungua kinywa. "Nili" ilikuwa tayari imeshatoka. Mbele yangu kulikuwa na kalamu, kulikuwa na karatasi, kulikuwa na cheo.

Na ndipo Mchungaji akatokea kwenye lango la stesheni, amekuja kumuaga mgeni!

Nikasema, "Nili... ligundua lingine."

Ilibidi niendelee. Nikamweleza juu ya Kolti. Nilimsoma jana kwenye kurasa za mwisho, mkubwa kuliko wote, mashimo yake yalifanana na nchi yenyewe mpaka mtu unadhani ni ya Muumba. Nikasema lipo moja nyuma ya kanisa, limefichika vizuri mno hata Mchungaji hajawahi kuliona. Mchungaji alikiri kwamba kweli hajawahi kuliona.

Raymond alinitazama muda mrefu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akafunika uso kwa kofia. Nadhani ni furaha. Treni ikaingia. Alirudisha kalamu mfukoni na kusema karatasi itabaki wazi, atarudi baada ya wiki mbili kuliona shimo hilo, na angependa sana, sana, kukutana na aliyelichimba.

Wiki mbili! Bwana ni mwema!

Raheli ameuliza nimesema maneno gani. Nimemwambia nimesema mazuri kuliko yale mawili. Ameuliza shimo gani hilo nyuma ya kanisa, mbona amefagia pale miaka kumi na tano na ni tambarare kama meza. Nimemwambia asiwe na haraka.

Kesho alfajiri naanza kulichimba.