Irisi ya Ulaya na Mbuzi wa Cécile

Septemba ile Kigali nzima ilikuwa inamngojea Papa. Lakini kwenye benchi langu la chai hapa Biryogo hata Papa alisahauliwa, maana Meteo, msikiliza redio wetu na mtabiri wa mvua na jua, alifika akihema.

"Jamani! Ua la Ulaya limechanua!"

Ulaya ndilo jina letu la utani kwa Mugenzi. Zamani aliwapikia Wabelgiji, na mmoja wao alimwachia irisi, ua la kwao lenye shina kama tangawizi. Miaka minne majani matupu! Mkewe Cécile alikwisha kuapa: mvua za kwanza zikianguka bila ua, pale panapandwa viazi vitamu. Na mvua ilianguka juzi.

Ulaya nusura amwage chai. "Kweli, Meteo? Mimi wiki nzima sijatazama upande ule. Naogopa viazi."

"Nimepita kwako sasa hivi. Iko zambarau, bwana, na ndevu za manjano kukupita wewe!"

"Barafu yangu hiyo!" akadakia Frigo, mwenye kilabu chenye friji. "Nani alisema maua ya kizungu yanataka baridi? Nani alimwaga pale barafu ya wateja? Watu walikunywa bia ya moto kama uji!"

"Barafu yako iliyeyuka kabla hujafika langoni," Meteo akamkata. "Mimi ndiye nilitabiri kiangazi kikali."

"Kiangazi hata kuku anakitabiri!"

"Nyamazeni," Ulaya akanyoosha kola. "Ni matandazo yangu. Majani ya migomba, mazito kama godoro, vile tunafunika kahawa. Mchwa wanakula, mimi naongeza. Ua lile linalala vizuri kuliko mimi."

Wakacheka. Mimi nikaongeza chai, na hapo nikamwona Cécile anakuja, jembe begani.

"Shemeji," Frigo akajipendekeza, "waambie, si barafu yangu?"

"Barafu gani? Na mchwa gani? Tangu Juni anachotandaza asubuhi, mchana nampa mbuzi wangu. Kiangazi chote tangawizi yenu imelala uchi, mgongo juani."

"Cécile!" Ulaya akashika kichwa. "Ungeliua!"

"Si ndiyo nilitaka? Nilitaka nafasi ya viazi. Kumbe lenyewe linapenda kuchomwa na jua." Akajaribu kununa, tabasamu likamshinda. "Haya, lina sura nzuri. Libaki. Viazi nitavipeleka kule karibu na choo."

Ulaya akainua mikono juu kama yuko kanisani.

"Shusha mikono, sijamaliza." Akamkabidhi jembe. "Wewe nawe miaka yote umefunikwa na kivuli cha kibanda cha huyu Bibi wa chai, hata jani hutoi. Twende ukaote jua mgongoni. Labda na wewe utachanua."

Ulaya akamfuata, jembe begani. Frigo na Meteo wakamaliza chai kwa funda moja, wakaondoka kwa njia ya nyuma, kabla habari haijawafikia wake zao.