Funguo Tatu za Mama Kufuli

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu mkuu amepigilia sanduku ukutani, nje ya stoo ya madaftari. La mbao, lina tundu juu na kikufuli kidogo cha kuchekesha. Amewaambia wanafunzi mwenye jambo linalomkera aandike, asitie jina, hatatafutwa. Hatatafutwa. Haya, fitina imejengewa nyumba.

Mimi ni mlezi wa bweni la wasichana miaka mingi sasa. Mwenye jambo huja kwangu, tunalia, tunasali, yanaisha. Wasichana huniita Mama Kufuli, kwa mapenzi. Kufuli langu ni la shaba, zito kama jiwe la kusagia. Nawafungia kwa nje usiku, na mchana saa ya kupumzika. Nawaambia kila siku: nawafungia kama kuku, wanangu, maana mwewe ni wengi. Funguo zake ni tatu: mmoja kiunoni, mmoja kwenye kopo la chumvi, mmoja ndani ya kitabu changu cha sala. Mlinzi ni Mungu, lakini hajakataza kufuli.

Jumatano, 6 Machi

Sanduku limefunguliwa. Karatasi moja tu, na inanihusu mimi. Mwalimu mkuu alinisomea ofisini: "Bwenini tunafungiwa kama kuku. Moto ukiwaka tutatokea wapi?"

Nikamwambia huyo ni mtoto anayetaka kutoroka. Akasema hata kama, swali lake ni zuri, watatokea wapi? Nikamjibu kwamba moto hautawaka, kwa sababu bweni naliombea kila jioni. Akanitazama kama anayesoma maandishi madogo. Mwisho akasema lile kufuli litoke kabla mwezi haujaisha, na nisithubutu kumtafuta aliyeandika.

Sitamtafuta. Nitasikiliza tu. Mtu hujulikana kwa maneno yake. Atakayesema "kama kuku" ndiye.

Alhamisi, 7 Machi

Niliwakusanya wasichana nikaanzisha habari za ufugaji. Nikauliza, kuku hukaaje? Mmoja akasema bandani. Mwingine akasema kuku siku hizi wana mafua. Hakuna aliyeteleza. Mtoto wa marehemu kaka yangu, anayesoma hapahapa, akaniuliza, "Shangazi, kwani tunafuga?" Nikamwambia mtoto mzuri haulizi sana.

Nikaenda kumweleza mpishi. Mwanamke wa maneno machache, yote machungu. Akaendelea kukoroga, akaniambia, "Dada, hilo la kuku si neno lako mwenyewe? Mimi nikikuona unakuja huwa natafuta punje za kukumwagia."

Njiani nikapambazukiwa. Ni yeye mpishi. Ameiba maneno yangu ili nisimshuku. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 8 Machi

Dawa ya moto ni moto. Nimeandika karatasi yangu kwa mkono wa kushoto, kama mwanafunzi: "Sisi wasichana wote tunampenda sana mlezi wetu. Kufuli lake ni zuri, tunalala usingizi mnono. Lisiondolewe, maana mwewe ni wengi. Anayelalamika ni mpishi."

Nikaitumbukiza wakati wa sala ya pamoja, watu wamefumba macho. Moyo ulinisuta kidogo. Nikaomba msamaha papo hapo, makosa yasije yakarundikana.

Jumatatu, 11 Machi

Kikao cha wafanyakazi. Mwalimu mkuu akaisoma karatasi mbele ya wote. Alipofika kwenye mwewe, vichwa vyote vikanigeukia. Mpishi akasema mwanafunzi huyo ameandika vizuri kwa umri wake, amebakiza mvi tu. Bawabu alicheka mpaka akatoka nje.

Mwalimu mkuu hakucheka. Aliikunja karatasi akaitia mfukoni, akaniambia taratibu, "Mama, mwisho wa mwezi ni mbali. Liondoe wiki hii." Nikasema sawa. Wiki ndiyo kwanza imeanza.

Jumatano, 13 Machi

Sina nguvu ya kuandika mengi. Saa ya kupumzika nilifunga kama kawaida, nikatoka kununua sabuni. Njiani nikakutana na mwenzangu wa ibada, tukashikana mikono, maneno yakazaa maneno.

Kurudi, moshi. Mtu alisahau pasi juu ya godoro. Wasichana walikuwa wanaupiga mlango kwa ndani. Bawabu alikuwa amekimbilia chumbani kwangu kutafuta ufunguo, na chumba nacho nilikuwa nimekifunga. Mpishi alikuwa na shoka la kuni, anang'oa komeo. Nilifika na ufunguo mkononi, nikauchomeka mara mbili, hautaki kuingia tunduni. Nikasikia, "Shangazi, fungua. Shangazi." Mpishi akanisukuma pembeni, akapiga tena, komeo likang'oka.

Walitoka wote, wanakohoa. Mtoto wa kaka yangu alitoka wa mwisho, anamvuta mwenzake aliyelegea. Akaniangalia, akanipita. Mpishi mikono yake imechubuka. Naye hakunisema. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana nilikuwa nimeshaandaa jibu.

Kufuli lenyewe halikuvunjika. Ni ubao ulioshindwa.

Ijumaa, 15 Machi

Tumemshukuru Mungu. Wasichana wote ni wazima, kumbe maombi yangu ya jioni hayakwenda bure.

Mlango mpya umetiwa, unafungwa kwa ndani tu. Mwalimu mkuu amewaambia wanafunzi kwamba aliyeandika ile karatasi ameokoa watu, kwamba hamjui na hataki kumjua. Wakapiga makofi. Mtoto wa kaka yangu hakupiga, alikuwa anatazama viatu vyake. Ana haya sana yule, kama baba yake.

Tangu juzi sanduku limejaa mpaka tundu halipitishi, na kale kakufuli kamelegea. Mwalimu mkuu akaniomba langu, maana halina kazi tena. Nikalipangusa masizi, nikampa pamoja na funguo. Akanishukuru mbele ya watu wote. Akasema sasa siri za watoto zimepata ulinzi, na hata mpishi akaitikia kwa kichwa.

Nimempa funguo mbili. Ule wa kwenye kitabu cha sala nimeuacha palepale. Sitasoma mengi. Nataka tu kuzitambua hati zao, nipate kuwaombea mmoja mmoja, kwa jina.