Uzinduzi wa Kituo cha Nani Kamjuaje Nani

(Uwanja wa nyuma wa shule, asubuhi. Wanafunzi wamekaa chini, wazazi wamesimama. Mbele yao kuna jukwaa lililofunikwa kitambaa cha bluu mpaka chini, na nyuma ya jukwaa ni ukuta wa stoo wenye mlango mpya wa kijani uliowekewa utepe. Mheshimiwa anapanda. Jukwaa linalia. Anashika kipaza sauti.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa sherehe hii, ambaye ni mimi, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye pia ni mimi, kwa kuwa yule tuliyemwalika amebanwa na majukumu, Mheshimiwa Mlezi wa Mradi, nafasi ambayo kwa unyenyekevu mkubwa nilijiteua mwenyewe baada ya kutafuta sana na kumkosa mwingine mwenye sifa, shemeji yangu mkandarasi uliyekaa pale kivulini, hebu simama watu wakuone, haya kaa, Mwalimu Mkuu, mwalimu wa maktaba, ambaye naona hajapiga makofi, wazazi, walezi, wadau wa maendeleo, dereva wangu, na ninyi watoto wetu wapendwa, ambao utaratibu unanilazimisha kuwataja mwisho ingawa shughuli ni yenu: itifaki imezingatiwa!

(Makofi. Mtoto mmoja anamuuliza mwenzake kama wanaweza kwenda nyumbani sasa.)

Bado, mwanangu, ndiyo kwanza tunaanza. Nasimama hapa kwa wadhifa wangu wa Mkurugenzi Mkuu wa Burudani ya Akili nikiwa na furaha isiyo kifani, furaha ya kimkakati, furaha iliyofanyiwa upembuzi yakinifu, kwa sababu leo tunazindua Kituo cha Kisasa cha Nani Kamjuaje Nani, mchezo ambao ninyi watoto mlikuwa mkiucheza kienyeji, sakafuni, pale kwenye chumba cha maktaba, bila sera, bila mpango kazi, na bila hata kamati ndogo. (Kicheko.) Kwa faida ya wazazi ambao hawaujui, niueleze kama nilivyoelezwa ndani ya gari nikija huku. Msimamizi anataja watu wawili kutoka kwenye vitabu vya kubuni, vile vya majoka na wachawi, nawe unabahatisha wanajuanaje: ni ndugu, au waligombana, au mmoja alimwibia mwenzake upanga. Na hapa shuleni mna sheria yenu ambayo nimeambiwa mnaishikilia kwa meno, kwamba jibu halihesabiki mpaka umtaje shahidi, yaani mtu wa tatu ndani ya kitabu hicho aliyewaona hao wawili pamoja.

(Watoto kwa sauti moja: "Na shahidi asiwe mmoja wao!")

Na shahidi asiwe mmoja wao, hewala. Sheria nzuri sana, ingawa ofisini kwangu tungeipitia upya.

Sasa, ndugu zangu, mradi mkubwa hauanzi kwa kukurupuka. Tulianza kwa kukusanya takwimu, ambapo asilimia tisini na saba ya watoto waliohojiwa walijibu ndiyo, na asilimia tatu waliobaki waliuliza swali lilikuwa nini. Tukafanya ziara ya mafunzo katika nchi ambayo mchezo huu hauchezwi kabisa, ili tujionee kwa macho yetu hasara ya kutoucheza, na kwa kweli tuliiona, maana hoteli ilikuwa kimya mno. (Mzazi mmoja: "Pole kwa tabu, mheshimiwa!") Ahsante, mama, ni kujitolea tu. Baada ya hapo tukaandaa warsha shirikishi ya wadau wote, na ninaposema wote simaanishi nusu, kwa maana ofisi yangu iliwaandikia barua wahusika wenyewe wa hivyo vitabu: Mfalme Asiye na Kivuli, Bibi Mfuga Ukungu, na yule Joka Mwoga wa Mvua.

(Minong'ono. Mwalimu wa maktaba anajifunika uso kwa kiganja.)

Msicheke, huo ndio uwazi. Mfalme hakujibu, na hilo ni utovu wa nidhamu ambao tutaushughulikia. Bibi alituma udhuru. Lakini joka, nawaambieni, joka alihudhuria warsha mwanzo hadi mwisho, akala chakula cha mchana kama wajumbe wengine, akalala hotelini na akapokea posho yake kwa heshima na taadhima!

(Kicheko kikubwa. Kitoto cha mstari wa mbele: "Nani shahidi?")

Nani shahidi? Mimi hapa! Nilikaa naye meza moja.

(Watoto: "Shahidi asiwe mmoja wao! Hakuna pointi!")

Haya, haya, tulieni, tusigeuze uzinduzi kuwa soko. Naona nahodha wa timu ya shule amesimama, huyu binti mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Unasemaje, binti yangu?

(Nahodha: "Shikamoo, mheshimiwa. Tulikuwa tunaomba ucheze nasi japo raundi moja. Mfalme Asiye na Kivuli na Bibi Mfuga Ukungu, wanajuanaje?")

Marahaba. Swali zuri, swali la kitaalamu, na nimefurahi limeulizwa wakati muafaka. Hao wawili, kwa kuzingatia muundo wa utumishi, ni wafanyakazi wa idara moja, ila mfalme yuko juu yake kwa daraja.

(Uwanja mzima unaangua kicheko. Kitoto cha mstari wa mbele kinaruka: "Siyo! Bibi alikificha kivuli cha mfalme ndani ya ukungu, mfalme alipokuwa mchanga, ili maadui wasimpate! Shahidi ni joka, alikuwa chini ya kitanda anaogopa mvua!" Watoto: "Pointi!")

Ndivyo nilivyosema, kwa maneno mengine. Tuendelee. Ujenzi wa kituo hiki ulikabidhiwa kwa mkandarasi aliyepatikana kwa ushindani wa wazi, ulio huru na wa haki, uliohusisha kampuni nyingi, ambazo zote kwa bahati nzuri zilikuwa zake.

(Kitoto kile kile: "Mheshimiwa na mkandarasi, wanajuanaje?" Mwenzake: "Shemeji! Shahidi ni sisi sote, si alimwambia asimame?" Watoto: "Pointi!" Mkandarasi anahamia kivuli cha mbali zaidi.)

Mchezo huu unahusu watu wa kubuni tu! Mwalimu Mkuu, naomba waelimishwe mipaka yake. Watoto wa siku hizi mna midomo. Turudi kwenye tija. Ndani ya kituo hiki, nyuma ya mlango ule wa kijani mnaouona, kutakuwa na ukumbi wa mashindano, chumba cha kubahatisha polepole, chumba cha kubahatisha haraka, kantini, na ofisi yangu, ambayo ni kubwa kidogo kwa sababu za kiusimamizi. Kila mtoto atakuwa na skrini yake. Vitabu vyote vitakuwa ndani ya mfumo wa kidijitali, utabonyeza tu na joka linatokea linakuangalia. Ndiyo maana muhula uliopita niliwaomba mkusanye vitabu vyenu vyote, vya maktaba na vya kwenu majumbani, mkavipanga kwenye maboksi na kutukabidhi, na ndiyo maana pia tulifunga chumba cha maktaba, ili msivunjike moyo mkiona rafu tupu. Huo unaitwa uongozi wenye huruma.

(Nahodha bado amesimama: "Mheshimiwa, mashindano ya shule zote ni wiki ijayo. Hatuna cha kusoma. Wadogo wameanza kusahau hata nani alimwibia nani upanga. Tunaomba vitabu vyetu tu. Skrini mnaweza kuzileta baadaye.")

Binti yangu, vitabu vinachakatwa.

(Nahodha: "Vinachakatwa wapi?")

Katika hatua mbalimbali.

(Mama mmoja kutoka nyuma: "Mheshimiwa, samahani. Huyo ni mwanangu. Kimoja kati ya hivyo vitabu alinunuliwa na marehemu baba yake, ameandika jina la mtoto kwa mkono wake ukurasa wa mwanzo. Mtoto alikitoa kwa sababu mlisema wote watoe. Mimi sidai kituo. Nauliza kitabu.")

Mama, pole sana, na nimekusikia, na ofisi imekusikia, na suala lako limepokelewa kwa uzito unaostahili. Siwezi kutaja mahali vilipo kwa sababu za kiusalama, ila nawahakikishia kwa cheo changu kwamba viko karibu nami kuliko mnavyodhani, na kwamba hakuna siku hata moja niliyovitegemea kama leo. (Mheshimiwa anakanyaga kwa msisitizo. Jukwaa linayumba. Dereva anachutama haraka na kusukuma kitu kwa bega chini ya kitambaa cha bluu.) Mnaona? Imara! Kama mradi wenyewe.

Kwa kuwa jua limepanda na mimi nina uzinduzi mwingine wa bwawa la kuogelea la walimu, nielekee tamati. Nikisema Nani Kamjuaje Nani, mnasema Kwa Maendeleo Endelevu! Nani Kamjuaje Nani!

(Sauti chache, za walimu: "Kwa maendeleo endelevu.")

Kubahatisha ni haki!

("Kwa maendeleo endelevu.")

Joka juu!

(Watoto: "Chini ya kitanda!")

Sawa, inatosha. Sasa shukrani, maana mtu asiye na shukrani si kiongozi. Namshukuru shemeji, kwa kazi ambayo ataianza pindi hali itakaporuhusu. Nawashukuru wataalamu wa mfumo wa kidijitali, popote watakapopatikana. Na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru mchoraji wa vibao vya barabarani, ambaye kwa brashi na kopo moja la rangi ya kijani ametuchorea mlango ule juu ya ukuta wa stoo kwa ustadi wa hali ya juu, hata mimi mwenyewe jana nilishika kitasa nikaambulia rangi kiganjani.

(Kitoto cha mstari wa mbele kimeshafika ukutani. Kinapitisha mkono: "Ni kweli! Ni ukuta! Utepe umebandikwa kwa gundi!" Wazazi wanaanza kusogea mbele.)

Msisukumane! Kituo si jengo, ndugu zangu, jengo ni dhana iliyopitwa na wakati. Kituo ni moyo. Kituo ni mtazamo. Ninyi wenyewe ndio kituo! Binti yangu nahodha, wewe mwenye busara, watulize wenzako.

(Nahodha anapandisha miwani yake, anaangalia kitambaa cha bluu, anamwangalia dereva aliyechutama, kisha anamwangalia mheshimiwa: "Mheshimiwa, tangu tumeanza huna pointi hata moja. Si vizuri uondoke hivyo. Tukupe swali la mwisho?")

Mnaona mtoto mwenye malezi? Nipe.

("Watu wawili, lakini leo si watu. Maboksi ya vitabu vyetu na jukwaa ulilosimama. Vinajuanaje?")

Aa! Hili nalijua! Hili nalijua kabisa, msiniambie! Bajeti ya jukwaa ilikwisha kwenye ziara, sivyo, tukakosa mbao za miguu, basi maboksi ya vitabu vyenu ndiyo yaliyolibeba jukwaa, yako hapa chini yangu yote, yamepangwa tangu jana! Na shahidi ninaye, tena si mmoja wao: dereva wangu, ndiye aliyeyapanga kwa mikono yake! Dereva, sema!

(Dereva: "Ni kweli, mkuu. Nimeyaona.")

Haya! Pointi au si pointi?

(Watoto, kwa shangwe ambayo haijasikika asubuhi yote: "Pointi! Pointi kwa mheshimiwa!")

Asanteni. Asanteni sana. Nimeguswa. Hii ni heshima kubwa kwangu na kwa familia ya... mbona mnakuja wote? Binti, unainua kitambaa kwa ruhusa ya nani? Ngojeni kwanza nishuke! Upande huo msivute, upande huo ndio nilio... Dereva! Zuia! Dereva, mbona unawapokelea?

(Dereva ameshatoa boksi la kwanza na kumpa nahodha. La pili linatoka, la tatu linatoka, na mheshimiwa anashuka pamoja na mbao, taratibu, huku ameshika kipaza sauti, mpaka anasimama ardhini sawa na wengine. Hakuumia. Hakuna anayemtazama. Mwalimu wa maktaba amekwenda kufungua chumba, watoto wanafuatana naye wakiwa na maboksi vichwani. Nahodha amepiga magoti kwenye majani, anatoa kitabu kimoja baada ya kingine, mpaka anapata kimoja chenye gamba lililobonyea, anafungua ukurasa wa mwanzo, na kumwonyesha mama yake.)

Haya, basi... kwa maneno hayo machache... natangaza kwamba kituo... kimezinduliwa rasmi. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Kipaza sauti bado kinafanya kazi.)

Lakini ile pointi yangu, mmeiandika?