Ndege Yangu ya Njano

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Likizo imeanza. Wiki mbili na ushee bila kelele za mitambo ya kiwanda cha majani chai. Namshukuru Mungu.

Leo nimebandika mkia. Ndege imekamilika, imebaki rangi tu. Miaka miwili na miezi minne! Mabawa mita tatu kutoka ncha hadi ncha. Inaongozwa kwa rimoti. Mbavu ni za mbao za msaiprasi, mwili ni lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya makatoni ya friji. Nimeliokota nyuma ya maduka yote ya Litein hadi walinzi wakanizoea.

Ndege inalala sebuleni. Sisi tunakula jikoni. Mke wangu Tecla hajalalamika tangu Pasaka. Mke wa namna hii hapatikani kirahisi.

Nilikuwa nimeamua rangi ya buluu, kama anga. Mama mkwe, Chepkosgei, tunakaa naye kwa sababu ya macho yake. Aliuliza ni nani ataona kitu cha buluu kwenye anga ya buluu. Nikamweleza ni suala la urembo. Akasema mtoto wa jicho amemfunikia kila kitu, dunia kwake ni moshi, ila njano bado anaiona. Tarehe kumi na nane anapelekwa hospitali kupasuliwa. Madaktari hawajamwahidi lolote.

"Ipake njano, Baba Chebet," alisema. "Jicho likikataa, niwe nimeona kitu kimoja kikiruka."

Basi njano. Ndivyo nilivyokuwa nikifikiria mwenyewe.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango huu hapa. Jumapili ya tarehe kumi na saba, watu wakitoka kanisani, ndege inaruka kwenye uwanja wa shule ya msingi. Hadi siku hiyo ni siri.

Sababu ya siri ni Nyang'au. Ana studio ya picha hapa sokoni Boito, na ana droni ya kupiga picha za harusi. Kwa hiyo watu wote wanamwita Rubani. Rubani! Kifaa chenyewe alikinunua kikiwa ndani ya boksi, pamoja na kijitabu cha maelezo. Kinaingia kwenye kikapu cha mboga. Siku hiyo watu watajua jina ni la nani.

Nimeenda gereji kwa Obure, Litein. Amemaliza juzi kupaka basi la shule. Njano safi! Lakini Obure ni shemeji yake Nyang'au, kwa hiyo nilimwambia nataka kupaka geti. Akanipa nusu kopo, na thina ya kuizimulia juu yake, akakataa hata soda. Akasema kwa chuma hakuna rangi bora kuliko hiyo. Akauliza kama geti limeshika kutu. Nikasema kidogo.

Mtu mwema sana, Obure.

Alhamisi, 7 Agosti

Msiba.

Nilipaka bawa la kushoto lote kwa mkupuo mmoja. Likapendeza kwa muda wa kuombea chakula. Kisha nikasikia sauti, kama kitunguu kikiingia kwenye mafuta. Vikatokea vishimo. Vishimo vikawa mashimo. Kumbe rangi yenye thina inakula povu! Bawa likanywea mbele yangu kama mafuta ya kondoo kwenye sufuria. Kufikia saa sita nilikuwa na mbavu tupu, na uji wa njano kwenye zulia la Tecla.

Nilitaka kumlaumu Obure. Lakini yeye alisema chuma.

Tecla alisimama mlangoni. Aliliangalia zulia lake. Akaenda akaniletea chai. Ninashukuru, ingawa upole wake uliniogopesha. Mama mkwe aliuliza ni harufu ya nini. Nikamjibu kwamba ni maendeleo.

Nimebakiwa na siku tisa na bawa moja. Jioni nilimsikia mama mkwe akimwambia Tecla asinihimize, kwamba hata asipoiona hataumia. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 8 Agosti

Tecla amevunja siri! Amemwita jirani yetu Bonareri, anayefundisha chekechea. Nilikasirika kwa karibu dakika kumi.

Bonareri alizunguka ndege, akauliza kwa nini sikujaribu rangi kwenye kipande kidogo kwanza. Nikamwambia mafundi tunategemea hesabu. Hakubishana. Akasema kule chekechea wao hutengeneza ndovu kwa baluni, karatasi kuukuu na uji wa unga wa ngano. Ukikauka unakuwa mgumu kama ubao, na unapakwa rangi ya maji, isiyokula kitu.

Ndovu! Mimi nimekaa kiwandani miaka ishirini na sita.

Baada ya chakula cha mchana nilikuwa nakoroga uji.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku tatu za gundi. Bawa limerudi. Vipande vipya vya povu, juu yake karatasi. Gazeti liliisha, Tecla akaleta kutoka shule anakofundisha madaftari ambayo wanafunzi wake wameyaacha. Sasa mabawa yamejaa insha. Mwanafunzi mmoja alifukuzwa na bata mzinga siku ya harusi ya shangazi yake. Yuko karibu na mota.

Lakini fundi mkuu ni mama mkwe. Haoni, ila vidole vyake vimechuma majani chai miaka arobaini. Anapitisha mkono juu ya bawa na kusimama penye kila kunyanzi. Pale nilipoziba shimo kwa gazeti bila povu ndani, nikidhani hakuna atakayejua, alibonyeza mara moja tu akasema hapa kuna uongo. Ikabidi nipasue na kuanza upya.

Wanawake watatu na mimi, tumepakaa uji hadi viwikoni. Bonareri alisimulia kuhusu ndovu wake mmoja aliyeliwa na mbuzi wa mwalimu mkuu. Mama mkwe alicheka hadi akafuta macho. Sijasikia kicheko chake tangu alipohamia kwetu.

Nimeshukuru kimoyomoyo. Kwa sauti ningeharibu.

Jumatano, 13 Agosti

Rangi ya maji ya njano haipatikani. Maduka yana krimu na maruni tu. Njano pekee Boito nzima iko kwenye ukuta wa studio ya Nyang'au.

Nililizunguka soko mara mbili. Mara ya tatu nikaingia. Nikamwambia nahitaji njano kidogo ya banda la kuku.

Akauliza kama ni banda lenye mabawa ya mita tatu.

Kumbe Boito nzima inajua! Pasta ameshaiweka kwenye matangazo ya Jumapili. Na Obure amekuwa akiuliza tangu wiki iliyopita geti linaendeleaje, maana kila mtu anajua sina geti. Nina ua wa michongoma na pengo.

Nyang'au alibeba ndoo mwenyewe hadi kwangu. Hakutaka malipo. Aliomba jambo moja tu, asimame karibu siku hiyo.

"Mzee Kimeli, yangu nilinunua tu," alisema. "Hii yako nataka niione ikiinuka."

Nilitafuta dharau ndani ya maneno hayo. Sikuipata. Nitatafuta tena kesho.

Ijumaa, 15 Agosti

Imepakwa. Njano kila mahali, hata kwenye sikio langu. Nyang'au alisema mkono mmoja wa rangi unatosha, kwamba karatasi na rangi zinaongeza uzito. Nikapaka mikono mitatu. Yeye anajua uzito wa nini?

Mama mkwe aliomba kiti. Akakaa mbele ya ndege hadi chai yake ikapoa.

"Naiona," alisema. "Kingo haina, lakini naiona."

Nikatoka nje kuangalia ng'ombe. Ng'ombe hakuwa na shida yoyote.

Jumapili, 17 Agosti

Kanisa zima lilikuja uwanjani. Wanakwaya walikuja na majoho yao. Mvua ilikuwa inajikusanya upande wa Kericho, kwa hiyo pasta aliomba kwa ufupi. Jambo jingine la kushukuru.

Mara ya kwanza ndege ilikimbia uwanja wote bila kuinuka, ikasimama golini. Mara ya pili vilevile. Nzito! Nyang'au hakusema nilikuambia. Alichomoa kisu, akanionyesha tumboni mwa ndege mahali panapoweza kuchongwa. Tulichonga pamoja, tumepiga magoti kwenye nyasi. Kisha akashika mkia na kukimbia nayo kwa nguvu zake zote, viatu vya kanisani na vyote, huku mimi nikifungua mota hadi mwisho.

Ikainuka.

Ikapita juu ya mlingoti wa bendera. Ikapita juu ya majani chai, njano juu ya kijani, mota ikiimba. Tecla alimshika mama yake begani akitaka kumwelekeza, lakini mama alikuwa tayari ameinua uso. Aligeuka taratibu, ndege ilipogeuka.

"Sasa inaenda kulia," alisema. "Sasa inarudi."

Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Ilizunguka mara moja na nusu. Halafu bawa la kulia likakunjika, ikaanguka katikati ya shamba la majani chai kwa mlio kama wa mlango unaobamizwa. Kanisa zima likaingia mistarini kuitafuta, majoho yakinaswa kwenye matawi. Hatukuipata. Nyang'au akarusha droni yake, akaiona baada ya dakika mbili. Bawa moja limevunjika, sehemu nyingine zote nzima.

Nilimshukuru mbele ya watu. Nilimwita Rubani. Jina lilitoka lenyewe. Yeye akasema kazi yake ilikuwa kukimbia tu.

Jumatano, 20 Agosti

Tecla amepiga simu kutoka hospitali. Upasuaji ulifanyika jana, leo asubuhi bandeji imetolewa. Mama anaona! Alisoma namba kwenye kitanda cha jirani, kisha akamwambia Tecla amekonda. Watarudi Ijumaa.

Nilikaa kwenye ngazi nikashukuru kwa majina. Mungu, daktari, Tecla, Bonareri, Obure, Nyang'au. Mtu mwenye watu kama hawa hana umaskini.

Na mtu kama huyo hawezi kulipa fadhila kwa ndege iliyovunjika. Mama sasa ataona rangi zote. Kwa hiyo ndege mpya, mabawa mita tano, buluu! Nimeshapiga hesabu. Inahitaji nafasi tu. Sebule ni mita nne, lakini ukuta kati yake na jikoni haubebi kitu cha maana, nimeugonga nikasikiliza.

Nimeazima nyundo kubwa kwa Nyang'au. Nimemwambia ni ya geti.

Tecla hajui. Atafurahi sana.